Dirisha la Majibu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari ameniambia niandike. Kwa siku tatu, kila nikienda haja ndogo niandike saa, kiasi, na kama nilikimbilia au nilikwenda kwa miguu yangu kama mtu mwenye heshima zake. Hayo ya heshima nimeyaongeza mimi. Yeye alisema tu "kwa haraka au la".

Mimi ni mwalimu wa udereva. Miaka ishirini na sita nimekaa kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya mwalimu, nikiwakumbusha watu kuangalia vioo. Kwa miezi saba sasa nimekijua kila choo cha kila kituo cha mafuta mjini, na wanafunzi wangu wamejifunza kuegesha mbele ya kila kimoja. Wanadhani ni mbinu ya kufundishia. Hakuna shule inayotoa madereva wanaoegesha vizuri kama yetu.

Mke wangu ameninunulia jagi la plastiki lenye mistari ya kupimia. Ameliandika kwa wino mzito: SI LA JIKONI.

Jumanne, 4 Machi

Saa kumi na moja alfajiri, mililita 120. Saa kumi na mbili na nusu, 90. Saa mbili, 60, kwa haraka. Saa tatu na dakika ishirini, 70, kwa haraka sana, mwanafunzi akiwa katikati ya mzunguko wa barabara. Saa tano, matone. Saa tano na robo, matone yaliyobaki ya yale matone.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempelekea daktari karatasi zangu. Amezisoma kama mwalimu anayesahihisha insha. Kisha akachovya kijiti chenye vibandiko vya rangi kwenye mkojo wangu, akasema hakuna sukari wala maambukizi.

"Sasa tunatoa damu, halafu nakupima kwa kidole."

"Kwa nini damu itangulie?"

"Kidole kikitangulia kinaweza kuchezea kipimo cha damu."

"Kidole wapi?"

Nilijua wapi. Niliuliza ili muda upite.

Haikuchukua hata dakika. Nilikuwa nimelala ubavu, magoti kifuani, nikitazama kalenda ukutani. Nilianza kusoma tarehe za mwezi na sikufika ishirini. Akavua glavu.

"Tezi dume imekua. Ni laini, lakini ni kubwa."

"Imekua vibaya au imekua tu?"

"Kidole hakisomi, mzee. Kinagusa."

Siku tatu za kuandika zimekwisha, lakini naona mkono umeshazoea daftari. Nitaendelea.

Jumamosi, 8 Machi

Nilipita kwa kaka. Ni fundi makochi, amenizidi miaka sita. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilea, akanisomesha, na akanifundisha kuendesha gari kwa pikapu ya tajiri wake. Watu humwita Chuma, maana hakuna anayekumbuka kumwona amelala na homa.

Nilimweleza taratibu, kwa sauti ya chini. Yeye akanijibu kwa sauti ya karakana.

"Wamekutia kidole, nawe ukasema asante?"

"Nilisema asante."

Mafundi wote walicheka. Cherehani zilisimama.

"Mimi nikikojoa ukutani," alisema, "mwenye ukuta anakuja kulalamika."

"Kaka, daktari anasema kila aliyevuka hamsini apime. Wewe una sitini na tisa."

"Gari lisilo na tatizo halipelekwi gereji. Wewe si mwalimu? Kafundishe huko."

Nami nilicheka. Niliondoka nikiwa na hasira na sikujua hasira ya nini.

Jumatano, 12 Machi

Jibu la damu, kile kipimo cha tezi dume: 11.4. Daktari anasema wengi huwa chini ya nne.

"Inaweza kuwa ukubwa tu wa tezi. Inaweza kuwa uvimbe wa kupita. Inaweza kuwa saratani."

"Kwa hiyo ni nini?"

"Ni namba, mzee. Inatuambia tuendelee kutafuta."

Ameniandikia barua kwenda hospitali kubwa, kwa bingwa wa njia ya mkojo. Miadi ni tarehe 10 Aprili. Nilimwambia mke wangu kwamba si kitu. Akasema "Sawa". Akapiga pasi shati langu, akalitundika, akalitundua, akalipiga tena.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua zimeanza.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeandika habari za mkojo wangu wiki mbili, leo niandike za mtu mwingine. Ninaye mwanafunzi wa miaka sitini na mmoja, mkunga mstaafu. Mumewe alimwachia gari lililokaa chini ya turubai miaka miwili, naye amesema halitaozea hapo. Leo lilikuwa somo la kumi na tisa. Bado hatujatoka uwanja wa mazoezi. Amezalisha watoto wasiohesabika, lakini mshale wa mwendo ukivuka ishirini anafumba macho.

"Mama Mkunga, macho."

"Yako wazi, Mwalimu."

"La kushoto liko wazi."

Katika miaka yangu yote sijapata mwanafunzi mbovu kama huyu. Wala mpole kama huyu. Leo nilipotoka garini mara ya tatu alinitazama, akatazama saa yake.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Chooni mara kumi na nne.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Nimelowa nikikimbilia choo cha kituo cha mafuta, na mlango ulikuwa umefungwa. Nimepata mafua. Yaliyotokea kabla mlango haujafunguliwa sitayaandika.

Jumatatu, 24 Machi

Mafua yamezidi. Nimenunua vidonge, vile vya kukausha pua. Vinafanya kazi vizuri. Nimekauka.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika nikiwa kitandani, nyumbani. Ya jana niyaandike yote kabla sijaanza kuyapunguza, maana najijua.

Jana nilipoamka nilitoa matone machache, nikadhani ni uvivu wa asubuhi. Saa mbili nilijaribu tena, hakuna. Saa tatu, hakuna. Saa nne nilikuwa uwanjani na Mama Mkunga, mvua inapiga bati la gari, na tumbo langu chini ya kitovu lilikuwa gumu kama mpira uliojazwa pumzi. Nilisema "kata kulia" nikasikia sauti yangu si yangu.

Alisimamisha gari. Hakuniuliza kama naumwa.

"Mwalimu, mara ya mwisho umekojoa saa ngapi?"

Mwanamke ambaye si mke wangu hajawahi kuniuliza hivyo. Nilimjibu. Akaweka kiganja chake juu ya tumbo langu, akabonyeza kidogo, nikapiga ukelele.

"Hapa pamejaa kama mimba ya miezi mitano. Hii ni ya hospitali, na ni sasa hivi."

"Nipishe niendeshe."

Nilijaribu kufungua mlango. Mguu haukunyanyuka. Nilikuwa nimejikunja kama mkasi na kila nilipojikunjua kibofu kilitaka kupasuka. Simu yake ilikuwa nyumbani, yangu ilikuwa imezimika. Uwanja ulikuwa mtupu.

"Basi naendesha mimi," akasema.

Miaka ishirini na sita breki ya mwalimu ndiyo iliyonipa usingizi. Jana ilikuwa pale miguuni pangu na sikuweza kuigusa. Nilikuwa mzigo tu uliofungwa mkanda. Alitoka getini bila kuangalia upande wowote. Lori likapiga honi ndefu. Barabara ya bondeni ilikuwa imejaa maji, magari yanapita moja moja katikati, na yeye akaingia kwenye maji yale gia ya kwanza, injini inalia, huku akisema polepole, "Pumua, mama. Pumua. Usisukume. Pumua." Sikujua anajiambia yeye, analiambia gari au ananiambia mimi. Mimi nilipumua.

Tulipotoka majini akatia gia ya pili. Kisha, bila kuambiwa, ya tatu. Nikamtazama. Macho yake yote mawili yalikuwa wazi.

Nililia garini, na niandike hivyo. Si kilio cha machozi mawili. Nililia kama mtoto, nikimwita mama yangu aliyekufa zamani, na nilimwomba Mama Mkunga asimame anipasue hapohapo kwa kitu chochote. Alizidi kukanyaga mafuta. Aliegesha mshazari mbele ya mlango wa dharura, akaziba njia ya magari mawili ya wagonjwa, akashuka akiita machela kwa sauti ambayo nadhani ndiyo iliyowaleta wale watoto wote duniani.

Muuguzi aliniingizia mpira wa mkojo. Maumivu yake ni yale mtu anayodhani, lakini nyuma ya maumivu yale ikaja nafuu ambayo sina jina lake. Nilisikia mkojo unaingia kwenye mfuko. Ulikwenda, ukaenda.

"Lita moja na robo," muuguzi alisema. "Mzee, ulikunywa dawa gani?"

Nikamwambia vidonge vya mafua.

"Mwenye tezi kubwa asivimeze vile. Vinabana njia ambayo tayari imebanwa. Hukuambiwa?"

Sikuuliza, sikuambiwa. Nimerudi nyumbani na mpira ndani yangu na mfuko umefungwa pajani. Utakaa mpaka bingwa aseme.

Mke wangu aliuona mfuko. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akauliza utaratibu wa kuumwaga, akaumwaga, akanawa mikono, akarudi. Ndipo aliposema, "Ile siku uliyoniambia si kitu, nilikwenda kwa daktari wako peke yangu nikamuuliza. Akasema hawezi kunieleza mpaka wewe uruhusu. Nikajua ni kitu."

Wiki mbili nzima nilidhani ananinunia.

Jumapili, 30 Machi

Kaka alikuja. Nilijiandaa kwa mizaha, nikawa na majibu yangu mawili matatu. Alisimama mlangoni, hakuingia. Alitazama mfuko, akatazama dirisha.

"Shemeji," akamwambia mke wangu, "springi za hilo kochi lenu zimelegea. Nitatuma mtu."

Akaondoka. Hakunigusa hata bega. Nimekasirika siku nzima.

Alhamisi, 10 Aprili

Bingwa ni kijana, ana sauti ya msomaji wa habari. Amenipaka mafuta ya baridi tumboni, amenipitishia kifaa cha ultrasaundi, kisha kingine cha kuingia nyuma. Tezi dume ina ukubwa wa gramu themanini na nane. Ya kawaida ni kama ishirini na tano. Kuna sehemu moja upande wa kulia haimpendezi. Kupima damu tena sasa hakutasaidia, maana mpira wenyewe unaweza kuipandisha namba.

"Tuchukue vipande vya nyama tuvipeleke maabara. Huko ndiko kwenye jibu."

"Vingapi?"

"Kumi na viwili."

Nilidhani atasema kimoja.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Kazini wamenipa darasa la nadharia. Nafundisha alama za barabarani, mfuko uko ndani ya suruali. Nikisimama karibu na ubao, mbali na wanafunzi, hausikiki ukijaa.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilipita karakana. Nilimwambia kaka tena: pima. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, na masikio yake yote mawili yamekufa, niyaache yapumzike. Safari hii hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 24 Aprili

Vidonge vya kuzuia maambukizi tangu jana. Leo nimelala tena ubavu, magoti kifuani. Sindano ya ganzi, kisha kifaa. Bingwa alinionya: "Utasikia mlio." Ni mlio wa mashine ya kubania karatasi. Muuguzi alikuwa anahesabu kwa sauti na kutia kila kipande kwenye kichupa chake. Kwenye cha saba nilimwuliza kama hajaruka namba.

Vipande ni vyembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Maisha ya mtu mzima yameenda maabara kwenye trei, yamebandikwa lebo.

Majibu baada ya siku saba, dirisha namba nne.

Ijumaa, 25 Aprili

Mkojo una damu. Walisema utakuwa na damu. Kuambiwa ni kitu kimoja, kuona ni kingine.

Ijumaa, 2 Mei

Dirisha namba nne. Dada wa dirishani alitazama kwenye kompyuta, kisha kwenye sanduku la bahasha.

"Bado."

Jumatatu, 5 Mei

Bado.

Jumatano, 7 Mei

Bado. Leo niliuliza kwa nini. Daktari anayesoma vile vipande kwa darubini ni mmoja, naye anauguliwa na mtoto wake. Nilikuwa nimekuja na maneno makali. Niliyameza.

Ijumaa, 9 Mei

Bado. Mvua imetoboa paa la ukumbi wa kusubiria, wameweka ndoo. Tulikuwa wanaume kumi na mmoja, wote wa umri wangu, kila mmoja anatazama ndoo. Aliyeketi karibu yangu alisema, "Mimi wiki ya nne." Sikumwuliza ni wiki ya nne ya nini.

Nilipofika nyumbani nilimgombeza mke wangu kwa sababu ya mfuniko wa sufuria. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mimi pia nasubiri. Ila mimi sina dirisha la kwenda kuulizia."

Jumatatu, 12 Mei

Dada wa dirishani hakutazama kompyuta. Alininyooshea bahasha kabla sijafika.

Niliipeleka kwa bingwa bila kuifungua. Mke wangu alikuwa pamoja nami. Bingwa alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili, nami nilikuwa natazama mdomo wake kama mwanafunzi anayemtazama mtahini.

"Hakuna saratani katika vipande vyote kumi na viwili. Ni tezi iliyokua kwa umri, na uvimbe wa ndani wa muda mrefu. Tutakupa dawa ya kuilegeza njia, tutatoa mpira. Damu tutaipima tena baada ya miezi mitatu, na tutaendelea kuiangalia."

Mke wangu aliuliza, "Tafadhali rudia." Akarudia. Akamwomba arudie tena.

Jumatano, 14 Mei

Mpira umetolewa. Nilisubiri saa mbili nikinywa maji, kisha nikaenda chooni, na ukatoka. Mwembamba, wa kusitasita, lakini ulitoka bila mtu kuuvuta. Muuguzi alipima kilichobaki kibofuni, akasema nirudi nyumbani.

Jioni kaka alikuja kula kwetu. Alinishika shingo kwa mkono wake mzito, akanitikisa kama alivyokuwa akinitikisa zamani nikifaulu mtihani, na macho yalikuwa yamemlowa. Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile alisimama mlangoni kwa sababu miguu ilimkatalia kuingia. Hasira yangu ya mwezi mzima nikaiona haina pa kukaa.

Alikula sahani mbili. Nami kwa furaha nikasema, "Sasa zamu yako."

"Umeanza."

"Damu tu, kaka. Kijichupa kimoja."

"Nikipima utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

"Shemeji, wewe ni shahidi. Akifungua tena mdomo namtoza kochi zima."

Tulicheka sote watatu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimempeleka mwenyewe kwa daktari wetu wa kwanza. Alitoa mkono kama mtu anayetoa nauli. Kisha akaingia kupimwa kwa kidole, akaniambia nikisimulia ataniua. Alipotoka alikuwa anafanya mzaha na muuguzi. Daktari aliyemfuata nyuma hakuwa anacheka. Sikulitilia maanani. Nadhani nililitilia.

Jumanne, 20 Mei

Namba ya kaka ni 64.

Nimeitazama karatasi nikidhani nukta imesahauliwa.

"Na kidole kilikuwa kimeshaniambia," daktari alisema. "Upande mmoja ni mgumu kama fundo la mbao."

"Lakini yeye anakojoa vizuri."

"Wengi wao hukojoa vizuri, mzee. Wewe ulipata kelele, ugonjwa hukuwa nao. Yeye hakupata kelele."

Kaka alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti. Aliniuliza mimi, si daktari.

"Ulijuaje?"

"Sikujua."

"Basi kwa nini ulinisukuma?"

Nilichukua karatasi, nikamrudisha karakana. Nimefika nyumbani, nimekaa mbele ya daftari hili saa nzima, naliandika swali lake.

Alhamisi, 22 Mei

Kaka hapokei simu.

Ijumaa, 23 Mei

Hapokei.

Jumamosi, 24 Mei

Nilikwenda karakana. Fundi wake alisema bosi ametoka, lakini niliona viatu vyake chini ya pazia la stoo. Nilisimama kidogo nikivitazama. Havikusogea. Nilirudi zangu.

Jumatatu, 26 Mei

Mama Mkunga amefaulu mtihani wa barabarani. Mtahini alisema anaendesha kama mtu aliyewahi kuona makubwa. Alinikuta ofisini nimeinamia meza, nikamsimulia habari za kaka, maana nilikwisha kulia mbele yake, kilichobaki cha kumficha ni nini.

"Najiona kama mimi ndiye niliyemtia ugonjwa," nikasema. "Alikuwa mzima mpaka nilipofungua mdomo."

"Hukumpa ugonjwa, Mwalimu. Umempa habari."

"Kuna tofauti?"

Alizungusha funguo za gari kidoleni. "Kwa daktari ipo," akasema. "Kwa ndugu sijui."

Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Akatoka, akawasha gari la marehemu mumewe, akaangalia vioo vyote vitatu, akaenda.

Alhamisi, 29 Mei

Mke wangu alikwenda karakana bila kuniambia. Sijui alisema nini. Amerudi akasema, "Atakwenda kutolewa vipande. Anataka wewe umwendeshe, na usizungumze njiani."

Jumatatu, 2 Juni

Nilimwendesha. Sikuzungumza. Nilikaa nje ya mlango nikisikia ule mlio wa kubania karatasi, nikahesabu. Kwangu nilikuwa na kazi ya kuvumilia. Huku nje sikuwa na kazi yoyote. Baadaye wakampeleka chumba cha chini kupiga picha za mifupa. Alipotoka alisema, "Wamenipiga picha nyingi kuliko bwana harusi." Nikataka kucheka, nikashindwa. Akaona nimeshindwa.

Jumatatu, 9 Juni

Dirisha namba nne. Bado.

Dada wa dirishani amenitambua. "Mzee, wewe si ulishapata yako?"

Jumatano, 11 Juni

Bado. Mvua zimepungua, wameondoa ndoo.

Ijumaa, 13 Juni

Leo bahasha ilikuwepo.

Mlangoni kwa bingwa kaka alisimama. Aliniambia, "Ingia wewe. Wewe umeizoea milango hii." Nilimwambia haifai, ni mwili wake. Akasema, "Nimekulea, sijawahi kukuomba kitu." Ni kweli. Bingwa alitoka, akamuuliza kama anaridhia nielezwe mimi. Kaka akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi yake ya ufundi, kubwa, kwenye karatasi aliyopewa.

Nikaingia. Nilisikia yote, niliandika yote nyuma ya bahasha, nikauliza maswali niliyodhani yeye angeuliza, na moja ambalo asingeuliza. Nilipotoka alikuwa amesimama palepale.

Garini nikavuta pumzi kusema. Akainua kiganja.

"Si humu. Twende kazini."

Nimeendesha gari tangu nina miaka kumi na tisa, na leo nilizima injini mara mbili kwenye taa kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Karakana ilikuwa tupu, mafundi wamekwenda kula. Alivaa aproni yake. Kochi la watu watatu lilikuwa juu ya meza ya kazi, limevuliwa hadi mbao. Alitandaza sponji, akalikata kwa kisu kirefu, akatandaza kitambaa juu yake, akavuta, akajaza misumari midogo mdomoni, akaanza kupigilia. Alipigilia upande mmoja wote. Nilisimama na bahasha.

Alitema misumari kiganjani. "Haya, sema."

Nikasema. Vipande kumi kati ya kumi na viwili vina saratani, na ni ya aina inayokwenda kwa kasi. Picha zimeonyesha imefika kwenye nyonga, na kwenye pingili mbili za uti wa mgongo. Hawatapasua. Kuna sindano, kila miezi mitatu, ya kuinyima chakula chake. Na kuna vidonge. Wataanza Jumatatu.

"Nitapona?"

"Amesema itazuilika. Miaka, kwa wengine. Nilimuuliza kama itapona."

"Akasemaje?"

"Hakusema itapona."

Kaka alitazama kochi. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga tangu hospitali: kwamba sikukusudia, kwamba bora kujua, kwamba nitamwendesha kila Jumatatu ya kila miezi mitatu hadi mmoja wetu achoke. Nilitafuta la kuanzia. Yeye alikuwa anapapasa kitambaa kwa kidole gumba, akitafuta ukingo.

"Hiki kinarudi nyuma kila nikikivuta," akasema. "Shika hapa."

Niliweka bahasha chini, nikashika kwa mikono miwili. "Kaza," akasema. Nikakaza. Akarudisha misumari mdomoni, akainama karibu na vidole vyangu, akaanza kupigilia.